Maswali ya wasomaji: Watoto wajue kusoma kwanza ndo tuwafundishe udongo na mawe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha darasa la tatu. Tumeambiwa asubuhi yote iwe ya kusoma na kuandika tu, mambo ya udongo, mawe, maji na hali ya hewa yasubiri mpaka watoto wajue kusoma. Na kweli shida ipo, wengi wanatamka kila neno vizuri kabisa ila ukimuuliza hiyo aya inasema nini anakutazama tu. Sasa nisubiri? Naogopa nikipeleka watoto nje kuchimba udongo nitaonekana nachezea muda. (Mwalimu wa darasa la tatu)

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu. Usisubiri. Naomba nikwambie hilo mapema halafu ndo nieleze, maana watoto wengi wamepoteza miaka miwili mitatu kwenye hiyo subiri subiri na ukifika wakati wa kuwapa kitabu cha sayansi wanakutana na maneno ambayo hawajawahi kuyasikia popote.

Hebu angalia hicho ulichokieleza mwenyewe. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, mtoto akishashika silabi zake anaweza kukutamkia neno lolote hata ambalo hajawahi kukutana nalo maishani, ndo maana masikio yetu yanatudanganya, tunasikia sauti nzuri tunasema huyu anajua kusoma kumbe kichwani hamna picha yoyote. Kutamka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua hicho kinachozungumzwa, na hiyo haitoki kwenye silabi, inatoka kwenye vitu alivyoviona, alivyovishika na alivyovisikia vikizungumzwa.

Kuna utafiti wa 1988 wa Recht na Leslie kule Marekani mi huwa naupenda sana. Walichukua wanafunzi 64 wakawapa kisa kinachohusu mchezo wa besiboli, wengine walikuwa wasomaji wazuri wengine dhaifu, wengine wanaujua mchezo wengine hawaujui. Wale dhaifu wa kusoma ila wanaoujua mchezo walielewa na kukumbuka kisa kuliko wasomaji wazuri wasiojua besiboli. Sasa weka udongo mahali pa besiboli, utaona kwamba hiyo saa ya kuchimba ni kipindi cha kusoma vilevile.

Nikupe somo moja nilivyolifanya mimi. Neno ni mmomonyoko. Hili neno ukiliandika ubaoni siku ya kwanza umewapoteza, kwahiyo sikuliandika. Nilichukua trei mbili, moja nikaweka udongo mtupu, ya pili udongo uleule ila wenye nyasi zimeota na mizizi yake, nikaziinamisha kidogo na chini ya kila moja nikaweka chombo cheupe, halafu mtoto mmoja akamwagia maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, kama mvua. Darasa zima kimya. Maji ya trei ya udongo mtupu yakatoka mekundu mazito, yale ya nyasi yakatoka karibu meupe. Nikawauliza tu, udongo umefanyaje? Wakasema umeondoka, umebebwa, umelika, umekatika. Nikaandika maneno YAO yote ubaoni. Hapo ndo nikawapa langu: udongo umemomonyoka. Wakalitamka, wakalipigia makofi, m-mo-mo-nyo-ko, makofi 5, halafu tukalifungua: maji yamemomonyoa, udongo umemomonyoka, jambo lenyewe linaitwa mmomonyoko. Kama kutetemeka na tetemeko. Yaani kwa neno moja tu umefundisha silabi, umefundisha jinsi maneno ya Kiswahili yanavyozaana na umefundisha sayansi.

Baada ya hapo ndo nikawapa aya ya kusoma, na kila mmoja aandike sentensi mbili, ya kwanza ianze na "Niliona", ya pili lazima iwe na "kwa sababu". Kuna mtoto alikuwa haandiki kitu kipindi chochote, kalamu anaishika anaangalia dirishani. Siku ile aliandika "Niliona maji ya huku mekundu. Ya kule meupe kwa sababu mizizi imeushika udogo." Aliacha n kwenye udongo. Sikumsahihisha palepale, nilimwomba awasomee wenzake kwanza, akasoma bila kukwama, n tuliirudishia kesho yake.

Ukitaka la pili rahisi zaidi, chukua chupa inayoonyesha, weka udongo theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache dirishani. Mchanga unatua chini ndani ya dakika chache, zinafuata zile chembechembe laini, na mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima au zaidi maji yakiwa bado yana ukungu, majani makavu yanaelea juu. Wabandike lebo walizoandika wenyewe kwenye kila tabaka. Na hapo waulize kwanini unaitwa mfinyanzi, atatokea mmoja atakwambia ni ule anaofinyangia mtu vyungu, wenzake watakumbuka milele.

Ila tahadhari moja mwalimu, na hii naisema kwa uzito: usiache kufundisha silabi. Wale ambao bado hawajui herufi wanahitaji muda wao wa kila siku wa kufundishwa hatua kwa hatua, udongo hautawafundisha herufi. Na jaribio bila maneno linabaki mchezo, watoto watafurahi wanawe mikono waende nyumbani hawana neno jipya hata moja.

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 amesoma kitabuni kwamba katikati ya dunia kuna joto kali, sasa kaniuliza kama chini ya nyumba kuna moto na nani kaenda kuangalia. Sikuwa na jibu nikamwambia aache maswali. Nimejisikia vibaya. (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Dada yangu, usijilaumu, ila leo jioni mwambie lile swali lako nimelitafutia jibu, tuliangalie pamoja. Atafurahi mno. "Nani kaenda kuangalia" ni swali ambalo hata wanasayansi walilihangaikia.

Moto hapana, maana moto unahitaji hewa ya oksijeni na huko chini haipo ya kuuwasha. Ni joto. Juu kuna ganda la mwamba, chini yake tabaka nene linaloitwa mantili, na hapa vitabu vingi vya watoto vinachora kama uji mwekundu jambo ambalo si sahihi, sehemu kubwa ni mwamba mgumu ila una joto kiasi kwamba unajongea polepole, sentimita chache kwa mwaka. Kisha kiini cha nje, chuma na nikeli vilivyoyeyuka, na katikati kabisa kiini cha ndani chenye joto la zaidi ya nyuzi 5,000 ambacho ni kigumu kwasababu mgandamizo ni mkubwa mno.

Sasa mfanyie hivi. Chukua uzi wa sentimita 64, funga chaki, chora duara sakafuni. Kila sentimita 1 ni kilomita 100, kwahiyo hiyo ndo dunia, maana toka juu mpaka katikati ni kama kilomita 6,371. Ukitoka ukingoni kwenda katikati, mantili inaishia kama sentimita 29, kiini cha nje kinafuata kama 22 na nusu, zinazobaki 12 na kitu ni kiini cha ndani. Ganda la mabara kwa kawaida ni milimita 3 mpaka 5 tu, yaani ni mstari wenyewe wa chaki. Mwache yeye apime na rula, aandike majina, asome kila jina kwa kidole.

Halafu mwambie kuhusu shimo la Kola kule Urusi, lilichimbwa miaka mingi mpaka 1989 likafika mita 12,262, na ndo shimo lenye kina kikubwa kuliko yote kwenda chini moja kwa moja. Mwulize kwenye duara lenu ni kiasi gani. Ni milimita 1 na kidogo, halitoboi hata mstari wa chaki!

Kwahiyo hakuna aliyekwenda. Wanasikiliza matetemeko. Tetemeko likitokea mawimbi yake yanapita ndani ya dunia, mengine hayapiti kwenye kitu cha majimaji, mengine yanapinda, na vyombo vya upande wa pili vinarekodi yaliyofika. Kwa njia hiyo mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, mwaka 1936 alionyesha kwamba ndani ya kile kiini kuna kiini kingine. Na akiuliza swali lingine usilolijua, mpe daftari aliandike kwa mkono wake mwenyewe, na nyie mlitafute jibu siku mkipata nafasi.

SWALI: Mtoto wangu yuko darasa la pili anasoma kwa kukwama sana. Nikimsomea mimi vitabu vya volkano anavyovipenda, si namlemaza? (Baba)

JIBU: Hapana kaka, msomee. Umri huo mtoto anaelewa kwa kusikia mambo mazito kuliko anayoweza kusoma mwenyewe, ukimnyima mpaka asome bila kukwama unamnyima maneno. Soma ukurasa mmoja, yeye asome maneno ya chini ya picha, lava, majivu, kreta, kesho abadilishe asome sentensi moja. Na kikiisha mkirudie kilekile, yeye ndo achague.