Vidonge nilivyovisahau juu ya friji

Nilipoanzishiwa atenolol, dawa ya presha, ya miligramu 50, kilichonishtua zaidi kilikuwa mapigo ya moyo. Nilizoea kuhesabu tisini na kitu kwa dakika nikiwa nimekaa tu. Wiki ya pili nikashika kifundo cha mkono, nikapata 60. Nikamkimbilia muuguzi wa kliniki nikijua moyo unazimika. Akacheka: "Baba, hiyo ndiyo kazi yake."

Ukishtuka au kukasirika, mwili humwaga adrenalini, nayo hushika vipokezi vilivyoko kwenye moyo na kuuhimiza upige mbio, tena kwa nguvu. Dawa za kundi la atenolol, ziitwazo beta-blocker, huwahi kuvikalia vipokezi hivyo. Adrenalini ikija inakuta viti vimejaa. Moyo unatulia, damu inayosukumwa inapungua, presha inashuka. Figo nazo hupunguza kutoa renini, ambayo huchangia mishipa kubana na chumvi kubaki mwilini.

Mwezi wa tatu kipimo kikasoma 128 kwa 80. Nikajiona nimepona! Nikaenda msibani, vidonge nikaviacha juu ya friji, wala sikujali. Usiku wa tatu nimelala mkekani na waombolezaji wenzangu, moyo unadunda hadi nausikia sikioni, jasho linanitoka. Daktari hakucheka. Moyo uliozuiliwa adrenalini kwa muda mrefu huongeza vipokezi, akasema. Ukikata dawa ghafla, vyote vinabaki wazi kwa mpigo mmoja, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akisimamia.

Usimeze za jirani, hata kama zimemfaa. Mwenye pumu zinaweza kumbana kifua. Anayechoma insulini sukari ikishuka huenda asisikie moyo kwenda mbio, abaki na jasho tu kama dalili. Siku hizi wengi wenye presha pekee huanzishiwa dawa nyingine, kama amlodipine. Za kundi la atenolol hupewa hasa wenye moyo uliochoka au waliowahi kupata shambulio la moyo.

Mimi vidole huwa baridi, na ngazi za ghorofa ya tatu zinanichosha kuliko zamani. Wanaume wenzangu, na lile jambo la chumbani likilegea, mwambie daktari akubadilishie, usiache kimyakimya. Nilimwambia, kwa aibu kweli, akaandika tu kwenye faili kana kwamba nimetaja mafua.

Karatasi moja ya vidonge sasa inakaa kwenye mfuko wa koti la safari.