Maswali ya Wasomaji: Paipu Kwanza, Nyaya Baadaye

SWALI: Najenga nyumba ya vyumba vitatu Gungu, Kigoma. Tofali za kuchoma zimefika usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Fedha iliyopo ni ya taa na soketi chache tu. Jiko la umeme, hita ya bafuni na pampu ni vya baadaye. Kwa mjomba wangu nyaya zilifukiwa kwenye lipu bila paipu, na alipotaka kuzibadilisha kuta zilibomolewa. Nifanye nini yasinikute hayo?

JIBU: Usimwage zege la lenta bado. Likishakauka, kila paipu ya kupanda darini itadai kutoboa zege, na fundi mwenye haraka hukata nondo. Simamisha vipande vya paipu ya milimita 32 ndani ya mbao za lenta, juu ya kila sehemu ya swichi na soketi, uvifunge kwenye nondo na kuziba midomo kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Weka viwili vya ziada jikoni, kimoja bafuni, na viwili juu ya bodi ya breka: cha pampu na cha sola.

Ukutani, paipu ya milimita 20 inatosha taa na soketi. Jiko na hita zipewe ya 25, kila kimoja yake. Ndani ya 20 usizidishe nyaya sita za 2.5 (milimita za mraba), maana zikibanana haziwezi kuvutwa tena na joto lake halitoki. Kona zisizidi mbili kati ya boksi na boksi. Elbo za maji hazifai kabisa: kona yake ni kali, waya hukwama au huchunika ganda. Kunja paipu kwa springi ya kukunjia, inayoingizwa ndani yake. Viungo vipakwe gundi, la sivyo uji wa saruji huingia na kuziba njia, nawe utagundua baada ya miaka.

Mfereji wa wima unaochimbwa ukutani kulaza paipu, kina chake kisizidi theluthi ya unene wa ukuta. Wa kulala uepuke, unadhoofisha ukuta.

Kabla ya lipu, pitisha kamba ya nailoni katika kila paipu, hata zile tupu, uiache humo. Isipopita leo, waya hautapita kesho. Kisha piga picha kila ukuta, futi kamba ikionekana. Nunua bodi ya nafasi 12 hata kama leo utatumia 5. Na darini acha mlango wa kupanda; dari la jipsamu lisilo na mlango huzifungia boksi zote.

Nyaya zenyewe zivutwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

SWALI: Nyumba yetu ya zamani Ujiji, breka ya soketi hushuka tukiwasha birika, pasi na jiko la plati pamoja. Tumeshauriwa kufunga ya ampea 32 badala ya 20. Ni sawa?

JIBU: Hapana, tafadhali msifunge. Vitu hivyo vitatu, kila kimoja kikiwa cha wati 2,000, huvuta ampea 26 hivi kwa volti 230. Breka ya 20 inaulinda waya wa 2.5; mkiweka ya 32, waya utachemka ndani ya ukuta na breka isishuke. Jiko lipewe laini yake kutoka kwenye bodi: waya wa 6, breka ya 32. Kwa kuwa hamna paipu ukutani, ipitisheni kwenye tranki ya plastiki (mfereji wa nyaya wenye kifuniko) juu ya lipu, muichague pana ili laini ya pili ipate nafasi.