Mbwa mmoja anaua kuku, mwingine hatulii nyumbani: nifanye nini?

SWALI: Daktari, salamu kutoka Njoro. Tuna ekari 3, ng'ombe wanne wa maziwa, kondoo 12, na kuku wa kienyeji ambao ndio mradi wangu mimi. Mbwa ni watatu. Popi ni jike aliyezeeka. Hulala mlangoni pa zizi na hubweka hata jani likianguka, lakini hamkimbizi mtu. Simba ni dume la miaka 3. Mchana tunamfunga mnyororo kwa sababu ni mkali, na usiku tukimfungua anapotea mpaka alfajiri. Tomi ana miezi 8 na ameshaua kuku watano. Baba watoto anasema mbwa akionja damu haachi, auawe. Jirani anasema tumfunge Tomi shingoni kuku aliyemuua mpaka aoze. Shemeji anasema hawa ni koko tu, tununue Jamani Shepadi mmoja tupumzike. Nimsikilize nani?

JIBU: Mama, pole sana kwa kuku wako. Tomi asiuawe, na huyo kuku wa kuoza shingoni achana naye kabisa. Mbwa haunganishi mzoga anaoubeba leo na jambo alilofanya juzi. Atakachopata ni mateso, na pengine ugonjwa.

Hayo ya kuonja damu nayasikia kila wiki katika kazi yangu. Mbwa wengi hupewa matumbo mabichi tangu wakiwa wadogo na hawajawahi kumgusa kuku. Kinachomvuta mbwa kama Tomi ni zile mbio zenyewe. Uwindaji wa mbwa huenda kwa hatua: anakaza macho, ananyemelea, anakimbiza, anakamata, anaua, kisha anakula. Si kila mbwa anazo hatua zote kwa nguvu sawa. Wale wa kuchunga kondoo, kama Border Collie, wana macho, kunyemelea na kukimbiza, lakini wafugaji waliwachagua vizazi kwa vizazi ili waishie hapo, wasiume. Mbwa walinzi wa mifugo wanazo hatua hizo kwa unyonge kiasi kwamba kondoo akipita mbele yao akikimbia hawashtuki. Mbwa wetu wa kienyeji hawakuchaguliwa upande mmoja, kwa hiyo katika uzao mmoja unaweza kupata mlinzi, mwindaji na mpenda watoto. Ndiyo maana nakusihi usiwapime wote kwa kipimo kimoja.

Sasa niambie: Tomi akishaua, anamla kuku au anamwacha? Akimwacha pale pale, anacheza mchezo wa kuwinda, na umri wake ndio umri wenyewe wa mambo hayo. Akimla mpaka manyoya, angalia sufuria yake kwanza. Ugali mtupu haumtoshi mbwa anayekua. Mchanganyie omena, au mabaki ya nyama yaliyochemshwa, mara mbili kwa siku. Na unga uwe mzima. Mahindi yenye ukungu ambayo familia imeyakataa yasipelekwe kwa mbwa, maana sumukuvu huharibu ini la mbwa upesi kuliko wengi wanavyodhani. Nimeitwa nyumba ambazo watu waliamini mbwa wametiliwa sumu na jirani, kumbe ni gunia la mahindi yaliyonyeshewa.

Kumfundisha kunawezekana, ila kunataka subira na kamba. Kila anapofanikiwa kukimbiza kuku anajifundisha upya, kwa hiyo kwanza funga mlango huo: kwa majuma kadhaa asiwe huru kuku wakiwa nje. Wazungushie kuku wavu, au yeye awe kwenye kamba ndefu mkononi mwa mtu. Halafu, asubuhi na jioni, mpeleke mahali anapowaona kuku lakini bado anasikia ukimwita. Akigeuza macho kutoka kwa kuku na kukutazama wewe, mpe omena palepale, bila kuchelewa. Dakika chache zatosha. Akikaza macho, masikio mbele, mwili umeganda, ujue umesogea karibu mno, rudi nyuma. Usingoje aruke ndipo umpige, kwa sababu kipigo huja baada ya raha na yeye hujifunza tu kungoja uondoke. Siku kwa siku mnasogea, kuku wakiwa wametulia wanakula, kisha wakiwa wanatembea, na mwisho kabisa wakiwa wanapiga mabawa. Hata akifaulu, asiachwe peke yake na vifaranga mpaka avuke mwaka mmoja na nusu.

Katika kipindi hicho mpe kazi ya miguu. Atakayekwenda kukata napia au kuchota maji aende naye. Kijana asiye na kazi hutafuta yake.

Popi unamdharau kidogo katika barua yako, mama, na mimi namtetea. Kutomkimbiza mtu hakumpunguzii thamani. Yeye ndiye sikio la boma. Mwizi wa ng'ombe anaogopa kelele kabla hajaogopa meno, na jike wa aina hii, anayelala sehemu moja miaka yote, anajua sauti ya kila kitu cha kawaida pale. Kama siku hizi anabweka zaidi kuliko zamani, mpimisheni macho na masikio, uzee huweza kumfanya ashtukie asichokiona vizuri. Na mbwa mchanga huiga mkubwa aliyetulia, kwa hiyo Tomi akilala karibu na Popi jioni atajifunza mengi msiyoweza kumfundisha nyinyi.

Kuna jambo moja kubwa kuhusu Popi kulala zizini. Ng'ombe akizaa, nani anachukua zalio? Kama ni mbwa, acheni leo. Mbwa akila zalio au ndama aliyetupwa, mwenye kimelea kiitwacho neospora, kinyesi chake huweza kubeba mayai ya kimelea hicho hadi kwenye hei na sileji, na ng'ombe wanaokula chakula hicho hutupa mimba, mara nyingi miezi ya katikati. Ng'ombe aliyeambukizwa anaweza pia kumrithisha ndama akiwa tumboni, na hakuna dawa ya kumwondolea. Zalio lifukiwe kwenda chini ambako mbwa hafukui, na ghala la malisho liwe na mlango. Vilevile kondoo akichinjwa, mapafu na maini yenye malengelenge ya maji yasitupiwe mbwa mabichi. Ndiyo njia ya tegu anayerudi kwa watoto wenu kupitia mikono iliyomshika mbwa. Dawa ya minyoo mnayonunua iwe na prazikwanteli, nyingine haziui tegu huyo.

Simba ndiye anayenitia wasiwasi kuliko Tomi. Mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa hajui shamba lenu. Anajua duara la vumbi. Ukali wake ni wa kukosa nafasi, na ukali wa namna hiyo hauchagui: siku mnyororo ukikatika atamwuma kijana wa pikipiki anayechukua maziwa, au mtoto wa darasa la kwanza. Usiku akipewa uhuru anakimbia kwa sababu mambo yote ya maana kwake yako nje ya ua wenu.

Mhasini. Kwa madume wengi wanaozurura wakifuata majike, kuhasiwa hupunguza safari hizo, ingawa mabadiliko huchukua majuma kadhaa kuonekana. Baba watoto pengine ataogopa kwamba atakuwa mpole na kuacha kulinda. Hapana, kubweka na kulinda boma hakutokani na korodani peke yake, na Popi ni ushahidi wa hilo. Lakini pia msitegemee kisu kimalize kila kitu. Kila jioni, kabla ya giza, mtu mmoja amtembeze kwa kamba kuzunguka mpaka wote wa shamba. Kisha alishwe pale mnapotaka alale, karibu na lango, kwenye kibanda kikavu. Mchana badilisheni mnyororo kwa waya ulionyooshwa kati ya nguzo mbili ili apate kutembea, na mkishaziba ua, awe huru ndani yake wakati hakuna wageni. Mbwa anayezurura usiku hukutana na wenzake, na mbwa mpole wa nyumbani akiwa kundini huweza kuua kondoo wa watu. Deni litakuja kwenu.

Kuhusu Jamani Shepadi, shemeji ana nia njema. Ni mbwa mwenye akili, lakini asili yake ni Ujerumani, alikokuzwa kuanzia mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga, na moyo wake uko kwa mtu anayemfundisha. Atakufuata wewe, hatabaki na kondoo. Anataka chakula kingi, mafunzo ya kila siku, na wengi wao husumbuliwa na nyonga. Kama shida yenu ni kondoo, tazameni kusini mwa Afrika. Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa Anatolia, walinzi wa mifugo wenye asili ya Uturuki, wakae na mbuzi ili duma wasiwindwe kwa kulipiza kisasi. Botswana nako mbwa wa kienyeji wa Watswana wanaifanya kazi hiyohiyo vizuri, kwa gharama ndogo. Mtoto wa mbwa huzoea viumbe anaokua nao kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Popi atakapohitaji mrithi, chukueni mtoto wa wiki 8 kutoka kwa mama mtulivu, alale zizini pamoja na kondoo akitenganishwa kwa ubao, alishwe hapohapo, na watoto wasimbebebebe. Akianza kuwakimbiza kondoo kwa mchezo, mkatazeni siku ileile.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa wote watatu kila mwaka, Simba akiwa wa kwanza kwa sababu ya safari zake. Hapa kuzijua tabia zao kutawasaidia: mbwa mkali akiwa mpole ghafla, mpole akiwa mkali, au Popi akiacha kubweka na kutokwa mate, asishikwe na mtu, tengeni watoto na mifugo na mwite daktari wa mifugo. Akiwa ameuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na mtu afike hospitali siku hiyohiyo.

Na Tomi, ikiwa baada ya miezi michache ya kamba na omena bado anaganda macho kila kuku akipita, mtafutieni nyumba isiyo na kuku, yenye ua mzuri na lango la kulinda. Mwambieni ukweli mtu anayemchukua.