Usitenganishe hifadhi na hesabu
Kaka, kwa mauzo ya dagaa hapo soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kuweka data seva moja na hesabu seva nyingine ni kujiumiza bure. Kila ukitaka jumla ya wiki, rekodi zitasafiri kwanza kwenye mtandao, na muda mwingi unaishia humo. Chukua DuckDB, hifadhidata iliyotoka Amsterdam mwaka 2019: inakaa ndani ya programu yako, hesabu inafanyika pale pale data ilipo. Inahifadhi kwa safuwima, yaani kilo zote pamoja, bei zote pamoja, kwa hiyo ukiuliza kilo na bei tu, jina la mtumbwi halisomwi kabisa. Tena rekodi zinagawanywa mafungu, na kila fungu linatunza thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa ya kila safuwima, tarehe ikiwemo. Ukiuliza Juni, mafungu ya Machi yanarukwa. Ila kuandika mauzo moja moja mchana kutwa, tumia SQLite, hifadhidata nyingine ndogo inayokaa ndani ya programu, usiku uyahamishie DuckDB kwa mkupuo.