Mtazame Uso Kabla ya Kumponda

Mvua za masika zikianza huku Ganda, nje kidogo ya Malindi, dundu weusi wenye pembe hujigonga kwenye taa ya baraza usiku kucha. Nilikuwa nikiwaponda wote. Mwenye minazi hana urafiki na chonga, dundu mwenye pembe anayetoboa minazi.

Mgema wangu, mtu mzima, ndiye aliyenizuia. Aliokota mmoja, akamgeuza kiganjani. "Huyu si chonga, mwanangu. Huyu ni wa mavi. Mtazame uso."

Uso wake ni mpana, bapa kama sepetu. Chonga ana kichwa kidogo, na ukimlaza chali utaona vinyweleo vyekunduvyekundu. Pembe isikudanganye, maana baadhi ya dundu wa mavi wanazo pia. Tena taya za dundu wa mavi ni laini, za kunywea majimaji ya kinyesi tu, hawezi kuutoboa mnazi. Nenda msitu wa Arabuko-Sokoke uchokoe kinyesi cha ndovu, utamkuta chini yake anakizika ardhini ili atagie mayai. Nzi hukosa pa kuzaliana, udongo unapata mbolea. Australia ilianza kuchukua dundu wa Afrika miaka ya 1960 kwa ajili ya kazi hiyohiyo, mavi ya ng'ombe yalipojaa malishoni.

Chonga makao yake ni kileleni. Huingia usiku, akatafuna kuelekea kwenye shaha, yaani moyo wa mnazi, na tunduni zikatoka nyuzi mithili ya machicha ya nazi. Kuti likija kufunguka limekatwa pembetatu, utadhani kwa mkasi.

Kosa langu lilikuwa kuacha magogo ya minazi iliyokufa yaoze karibu na lundo la samadi. Siku niliyopindua gogo moja nilikuta mabuu ya chonga, meupe, manene kama kidole gumba, yamejikunja, vichwa rangi ya kahawia. Roho iliniuma: miche yangu mitatu ilikuwa imeshakufa.

Kwa hiyo magogo yapasue uyachome. Lundo la samadi ligeuze mara kwa mara, mabuu wape kuku. Ukiona tundu bichi, ingiza waya uliopindwa ncha kama ndoana umvute chonga nje, kisha tia mchanga uliochanganywa na chumvi kwenye makwapa ya makuti, yanaposhikana na shina. Anza na minazi michanga. Mkubwa huvumilia, mche ukitobolewa shaha hauinuki tena. Mavi yaliyotawanyika malishoni usiyapulizie dawa, usije ukamuua dundu wa mavi.