Je, kumpigia mchungaji kuhakikisha kama kweli ndiye anayeomba hela ni kumdharau?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Mimi ni mhazini wa idara ya wanawake kanisani kwetu Dar. Juzi iliingia meseji WhatsApp ina picha ya mchungaji wetu, inasema shalom mama, niko kikaoni siwezi kupokea simu, kuna mgonjwa Muhimbili anahitaji oparesheni leo, tuma laki tatu kwa namba hii jioni nakurudishia. Jina lilitokea lingine nikadhani ni ndugu wa mgonjwa, nikatuma hela ya idara. Kumbe sio yeye. Nilitaka kupiga kwanza ila niliogopa kuonekana namhoji mtumishi wa Mungu. Je, kuhakiki ni dhambi? Na ile sadaka Mungu ameihesabu?

JIBU: Amina mama, na pole sana. Sio dhambi hata kidogo, na hapo uliposema "niliogopa" ndipo tapeli alipopitia. Picha ya mchungaji mtu yeyote anaichukua Facebook bure, jina lako na cheo chako anavitoa kwenye gurupu la kanisa au kwenye lile tangazo la michango lenye namba za viongozi. Kinachomletea hela ni kujua kwamba sisi walokole tumefundishwa mtumishi akisema tunaitika tu.

Sasa soma 2 Wathesalonike. Sura ya 2 mstari wa 2 Paulo anawaambia wasitishwe na "waraka unaodhaniwa kuwa ni wetu", yaani enzi zile za barua za kubebwa na watu kwa miguu tayari kulikuwa na hofu ya watu kuandika kwa jina la mtume! Alafu sura ya 3 mstari wa 17 anawaachia alama, salamu kwa mkono wake mwenyewe, anasema hiyo ndiyo alama katika kila waraka. Ona hapo mama, mtume mwenyewe ndiye anawapa kanisa njia ya kumhakiki, hakuona kuwa anadharauliwa. Na kwenye hela alikuwa mkali zaidi, ule mchango wa Yerusalemu aliwaambia Wakorintho wachague watu wao wenyewe wa kuupeleka (1 Wakorintho 16:3), hakusema nitumieni mimi nitajua cha kufanya.

Kuna na yule mtu wa Mungu wa 1 Wafalme 13, alikuwa na agizo lake kabisa asile wala asinywe pale Betheli, akaja nabii mzee akamwambia mimi nami ni nabii kama wewe, malaika kaniambia nikurudishe ule chakula. Biblia inasema alimdanganya. Jamaa hakuhoji kwasababu aliyesema ni nabii, akarudi akala, na njiani simba akamuua. Kwahiyo cheo cha msemaji hakijawahi kuwa ushahidi, hata kwa manabii wa kweli.

Kwa hapo kwenu, ongea na wazee wa kanisa mchungaji asimame Jumapili atamke mwenyewe mbele ya watu wote kwamba haombi hela kwa meseji na hatakasirika mtu akimpigia. Hili lazima litoke kinywani mwake, likitoka kwa katibu watu bado wataogopa. Sadaka ziende kwenye lipa namba ya kanisa au akaunti ya benki iliyotangazwa, na hela ya idara isitoke bila watu wawili kukubaliana, hata kama ni dharura, tena dharura ndio hasa maana matapeli wote wana haraka.

Na unapohakiki usipige ile namba iliyokutumia meseji, piga ile ya zamani uliyoisevu, kwa simu ya kawaida sio kwa WhatsApp. Saa nyingine matapeli hawafungui akaunti feki, wanaiteka ya mchungaji mwenyewe kwa kumdanganya awatajie ile kodi (namba ya uthibitisho) ya tarakimu 6 ambayo WhatsApp humtumia kwa meseji, kwahiyo meseji inatoka kwenye namba yake kabisa na ukimpigia humo humo WhatsApp unampigia tapeli, ila laini yenyewe kwa kawaida inakuwa bado iko mkononi mwake. Kama hapatikani, subiri. Mgonjwa wa kweli ana ndugu, ana wodi, kuna mtu anaweza kwenda kumuona. Alafu siku hizi kuna programu zinaiga hadi sauti, kwahiyo voisi noti nayo isikutoshe.

Kuhusu sadaka, 2 Wakorintho 8:12 inasema nia ikiwepo mtu hukubaliwa. Wewe ulitoa kwa ajili ya mgonjwa, Mungu anajua ulichokuwa unafanya. Ila ile hela ilikuwa ya kina mama, kwahiyo waeleze wote wazi kabla hawajasikia pembeni, na kama mtakubaliana kuirudisha ifanyike taratibu na kwa upendo. Anayekucheka kanisani yeye ndiye aliyekosea.

Meseji usiifute. Piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia hata kama siku zimepita, namba ya tapeli iripoti kwa meseji kwenda 15040 (namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania), uende na polisi. Waumini wenzetu wa Kenya wenye Safaricom, meseji za namna hii mnazifowadi kwenda 333.