Kabla ya Kusaini Hadidu za Rejea, Tafuta Mwenzako

Kazi ya tathmini huharibika mapema, mara nyingi kabla hata dodoso halijaandikwa. Mfadhili anataka apimiwe athari, mradi unafungwa mwezi ujao, takwimu za mwanzo hazikukusanywa, kundi la kulinganisha hakuna. Ukisaini hadidu za rejea za namna hiyo, yaani maelezo ya kazi anayokupa mteja, utakachokabidhi ni maoni ya wanufaika yaliyovalishwa koti la takwimu.

Kwa anayeanza kazi hii nasema hivi: jiunge na chama cha watathmini, na viwango vya taaluma uvitumie wakati wa kupatana na mteja. Wengi huvikumbuka wanapoandika sura ya mbinu, na hapo vimebaki pambo tu.

Viwango havijaanza jana. Vigezo vya kutathmini miradi vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, vilikuwa vitano tangu 1991: kufaa kwa mradi, kufikia malengo, matumizi mazuri ya rasilimali, athari na uendelevu. Mwaka 2019 kikaongezwa cha sita, yaani mradi unavyooana na kazi nyingine zinazofanyika mahali hapo. Sasa kila hadidu za rejea ninazopokea zina sita zote, kila kimoja na msururu wa maswali yake, hata kwa mradi mdogo wa mafunzo. Wakati waraka ule ule wa 2019 ulioongeza kigezo hicho unasisitiza vigezo vitumike kwa kufikiri, kulingana na haja ya tathmini, visijazwe kama fomu! Ukimwambia mteja kwamba maswali yamezidi, atakuona mvivu. Mfungulie ukurasa huo mbele yake. Mimi nimepunguziwa maswali kwa njia hiyo, na muda uliobaki ukaenda kwenye sampuli.

Lakini waraka hauwezi kukuuliza swali. Chukua kiashiria kinachoonekana chepesi kabisa: idadi ya vijana waliofikiwa. Niliwahi kupitia takwimu za asasi mbili zilizokuwa zikiripoti kwa mfadhili mmoja. Ya kwanza ilijumlisha sahihi za karatasi za mahudhurio, kwa hiyo kijana aliyekuja kwenye mafunzo matatu alihesabiwa mara tatu. Ya pili ilihesabu watu, kila mtu mara moja. Kwenye jedwali la mfadhili namba hizo zilikaa safu moja, zikajumlishwa, na asasi iliyohesabu kwa uangalifu ikaonekana goigoi. Hakuna aliyedanganya. Hawakuwa wamekaa pamoja wakakubaliana "kufikiwa" kunaanzia wapi, basi. Aliyeligundua hilo ni mwenzangu wa chama niliyempa jedwali alipitie. Mimi macho yalikuwa yamekwisha kulizoea.

Vyama vipo. Cha Afrika, AfrEA, kilianzishwa 1999, na nchi nyingi zina vyao. IOCE, ulioundwa 2003, ni mwavuli wa vyama vya namna hii duniani. Kabla ya kulipa ada, angalia wanachama wanaonyeshana nini. Penye vyeti na picha za makongamano tu sikai. Natafuta mahali ambapo mtu anaweka mezani dodoso lake bovu na kulikosoa hadharani, tena bila aibu.

Uchache wa watu usikutishe; hata wenzako wawili makini wanatosha kukupa nguvu ya kukataa kazi isiyopimika. Ukiwa peke yako mbele ya mteja mwenye haraka, kukataa huonekana ukaidi.

Viwango vya tathmini ya programu vilivyotolewa Marekani, toleo la tatu la 2011, vina kundi la tano linalohusu uwajibikaji wa tathmini yenyewe: kuweka kumbukumbu za ulivyofanya kazi, na kukubali nayo ikaguliwe. Naliona ndilo linalopuuzwa kuliko yote, labda kwa sababu hakuna anayelilipia. Liombee kifungu kwenye mkataba: siku chache za mtathmini wa nje kupitia mbinu kabla ya kuingia uwandani, na nyingine kupitia rasimu.

Mteja akikataa, usimpelekee mwenzako ripoti kwa mlango wa nyuma, maana siri ya mteja na ya waliohojiwa ni sehemu ya viwango hivyo hivyo. Omba ruhusa ya kuonyesha maswali na mpango wa sampuli tu, bila jina la mradi wala la eneo. Makosa mengi makubwa yanaonekana hapo hapo, kungali na muda wa kuyarekebisha.